Pumzi Mbele ya Baba Mkwe

Msomaji mmoja wa Koboko amenitumia ujumbe baada ya sehemu iliyopita. "Dokita Driwaru, wewe ni mwongo au ni mjinga tu?" Nimeusoma na kuurudia, nimeshindwa kumjibu. Leo nasimulia yaliyofuata, halafu yeye na wenzake waamue.

Kwa aliyetufikia leo tu, habari kwa kifupi ni hii. Mimi ni daktari wa mapafu hapa Arua, kaskazini mwa Uganda. Nimezaliwa Mvara, nimeolewa Ludara, kule Koboko. Mwaka jana niliandika makala ya utafiti kuhusu wanawake wa Ludara wanaochochea moto kwenye bani, yale mabanda ya matofali ya kukaushia tumbaku. Niliwapima pumzi kwa mashine, nikaandika kwamba moshi umekula karibu nusu ya nguvu ya mapafu yao. Jarida kubwa la ng'ambo likaichapisha. Watu wakaninukuu, nikaalikwa mikutano, na juu ya makala ile nikaandika nyingine, na nyingine, mpaka orodha ya kazi zangu ikawa ndefu kuliko ya mtu yeyote kituoni kwetu. Kamati ya chuo ilikuwa ikae Jumatatu kuamua kama niitwe Profesa.

Tuliachana pale Sandra alipobisha mlango wa chumba changu cha kupimia. Sandra ni mke wa James, binamu ya mume wangu Jimmy, na ni mmoja wa wanawake niliowapima Ludara. Nilipowasomea majibu nyumbani kwao Ludara, James alimrudisha kwa mama yake hapa Arua, akabaki na watoto. Sandra alikuja kuniomba nimpime tena. Nikampima, nikaangalia kioo cha mashine, nikamrudishia mrija.

"Puliza tena," nilimwambia.

"Dada Dokita, mimi napuliza mara ngapi?"

"Puliza tu."

Akavuta hewa mpaka mabega yakapanda. Akabana mrija wa kadibodi kwa midomo, akapuliza. Mashavu yalijaa, macho yakamtoka, mate yakamchuruzika kidevuni. Mimi pembeni napiga kelele kama ilivyo kazi yetu, "Toa! Toa! Toa! Bado! Bado!" Akamaliza anacheka na kukohoa kwa pamoja.

Mashine ikasema mapafu yake ni mazima. Mapafu ya mtu anayeweza kupanda mlima Liru na gunia la muhogo kichwani.

Nikabadilisha mrija. Nikaizima mashine, nikaiwasha. Nikaikagua kwa pampu yetu ya kupimia usahihi, haikuwa na kasoro. Nikampulizisha tena, majibu yakawa yaleyale.

"Sandra, siku ile Ludara ulikuwa mgonjwa? Mafua? Malaria?"

"Hapana. Mimi ilikuwa muzima."

"Sasa mbona ulipuliza kidogo vile?"

Aliniangalia kama mtu anayedhani anataniwa.

"Dada, mzee alikuwa anakaa pale."

"Mzee gani?"

"Mzee Yakani! Baba ya James. Anakaa kwa kiti, anatuangalia. Mimi nafungua mudomo namna hii, macho inatoka, mate inaruka, mbele ya baba mukwe? Wewe unaweza?"

Nikaweka mrija mezani.

"Sisi wote tulipuliza polepole," akaendelea. "Zuhurah pia, bibi ya kaka ya James. Tulisema hii kazi ni ya dada yetu, tumusaidie, lakini heshima pia iko."

Msomaji ambaye hujaolewa upande wetu, huenda hujaona ukubwa wa jambo hili. Kwetu mke hali chakula mbele ya baba wa mumewe. Hacheki kwa kupanua mdomo. Akitaka kupenga kamasi anakwenda nyuma ya nyumba. Mimi mwenyewe, na digrii zangu zote, nikifika Ludara namsalimia Mzee Yakani kwa magoti, macho chini, kisha nakwenda kula jikoni na wanawake wenzangu. Ni yeye aliyemlea Jimmy baada ya baba yake kufa, kwa hiyo ni mkwe wangu hasa.

Na kiti kile nilikiweka mimi.

Hakuna aliyeniagiza. Niliona si adabu kuingia kwenye boma la mtu na kuwapima wake za wanawe bila ruhusa yake, na akishakuruhusu si adabu kumfukuza uani kwake mwenyewe. Basi tukamwekea kiti mbele kabisa, aone kila kitu. Boma la pili vivyo hivyo, na la tatu, na yote yaliyofuata. Baba mkwe mbele, wake za wana kwenye foleni. Kwenye makala nikaandika kwa fahari kwamba jamii ilishirikishwa kwa heshima zote.

Wanawake wa mjini, wale niliowalinganisha nao, niliwapimia ndani ya kituo cha afya, mlango umefungwa. Hao walipuliza mpaka kanga zikataka kuanguka. Nikaweka wale huku na hawa kule, nikaona tofauti, nikaiita moshi.

Hata mashine ilijaribu kuniambia. Mtu akipuliza kwa nguvu, mchoro wake unapanda ghafla na kuwa na ncha. Michoro ya Ludara ilikuwa butu kama mgongo wa kobe. Niliiona. Lakini kila mwanamke alipuliza mara tatu na zote tatu zikafanana, na vitabu vyetu vinasema zikifanana ziaminike. Haikunijia kwamba haya ya mtu inaweza kuwa ileile mara tatu. Siku ile nilikuwa nimevaa koti jeupe, nimempa Mzee Yakani mkono nikiwa nimesimama wima, nikidhani mke wa Jimmy nimemwacha ndani ya gari.

"Dada," Sandra akanishika mkono, "Jumamosi wanakwenda kumuchumbia James mwanamke mwingine. Watoto yangu wataita huyo mama. Twende Ludara, umuambie mzee mimi muzima. Neno yako tu. Mzee anasikia wewe."

"Nitakwenda," nikasema.

Nilisema haraka, kwa sababu alikuwa ananiangalia. Alipotoka tu, nilikwenda moja kwa moja kwa Profesa Severino.

Profesa Severino ndiye mkuu wa kituo chetu cha utafiti. Alizaliwa kambini, baba yake askari, na Kiswahili chake mpaka leo kimevaa buti. Jina lake liko mwisho kwenye kila makala yangu, pale wanapokaa wakubwa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza huku anakoroga chai.

"Umepima mutu ngapi?"

"Mmoja."

"Mutu moja si utafiti. Wewe mwenyewe nafundisha watoto hivyo."

"Basi niruhusu niwapime wote upya, ndani, bila wakwe."

"Pima. Nani nakataa? Jumatatu kamati inakaa, Jumanne unapima."

"Sandra anapoteza nyumba yake Jumamosi, Profesa."

Akaweka kijiko chini.

"Driwaru, mashine hana baba mukwe. Mashine ilisema nusu, wewe uliandika nusu. Uongo iko wapi?"

"Uongo umeanza leo. Jana nilikuwa sijui."

Alicheka. Alicheka kwa muda, kisha uso ukabadilika.

"Sikiliza vizuri. Hiyo makala ukiiondoa, hizi zingine nasimama juu ya nini? Yote nasema 'kama tulivyoonyesha Ludara'. Tulionyesha nini? Wake wanaona haya? Nani atachapisha wewe tena? Na mimi jina yangu iko pale. Mwakani nastaafu. Nataka niende nyumbani kama Profesa, si kama mutu ya kuchekwa."

Nikaketi. Aliona nimelegea, sauti yake ikawa ya baba.

"Nenda Ludara, kama lazima. Lakini nenda kama bibi ya Jimmy. Piga magoti, omba mzee amurudishe huyo mwanamke, mambo ya familia inakwisha kifamilia. Mapafu wewe usiguse. Umesikia?"

"Nimesikia, Profesa."

"Sawa?"

"Sawa."

Naona aibu kuandika hili, lakini niliahidi kusema yote. Nilipotoka pale nilijisikia vizuri. Nilinunua hata vitumbua njiani. Niliona nimepata njia ya kumwokoa Sandra bila kuguswa, na usiku ule nililala.

Siku ya pili tulikwenda, mimi na Sandra, kwa gari langu. Alikuwa amebeba sukari na sabuni za kupeleka nyumbani, na viatu vya mtoto wake mdogo. Alipoona sanduku la mashine kiti cha nyuma, uso ulimng'aa.

"Umekuja nayo! Vizuri sana, dada."

Mashine ile hukaa kwenye gari siku zote. Sikumwambia.

Mzee Yakani alitupokea mwenyewe. Safari hii sikuwa na koti, nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi.

"Dokita yetu!" akasema. "Inuka, mutoto yangu. Wewe uliweka jina ya Ludara kwa redio. Watu ya Koboko wananisimamisha njiani, wananiuliza kama wewe ni wa kwangu."

Nikazidi kuinama.

James akatokea upande wa bani, shati jeusi kwa masizi, macho mekundu, anakohoa. Nilishangaa. Tangu niolewe sijawahi kumwona mwanamume wa boma lile akichochea moto ule. Alimwona Sandra, akageuza uso.

Kabla sijakaa, Zuhurah alinivuta mkono. Zuhurah ni mke wa mtoto mkubwa wa mzee, mwanamke wa maneno machache. Akaniingiza jikoni, akarudisha mlango.

"Dada, unakuja kusema nini?"

"Nimekuja kumwombea Sandra."

"Utasema iko muzima?"

Nikamwangalia. "Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Kwa sababu sisi wote iko muzima. Tunajua."

"Mnajua tangu lini?"

"Tangu siku ile unasoma majibu hapa. Unasema nusu, nusu, nusu. Sisi tukaangaliana. Tukanyamaza."

"Zuhurah! Mlinyamaza? Mnaniacha naandika, nazunguka dunia nzima nasema—"

"Wanaume walichukua moto," akanikatiza. "Dada, wewe hujui hiyo bani. Tumbaku ikiingia ndani, moto hauzimi. Sisi tulikuwa tunalala kwa mlango yake, mtoto kwa mugongo, tunaongeza kuni, moshi inatupiga. Tunalalamika, hakuna mutu anasikia. Wewe ukaja na mashine, ukasema neno moja, mzee akasema wake wasiguse moto tena. Ukisema leo Sandra muzima, kesho mimi narudi kwa ile mlango."

"Na Sandra?"

Akashika mwiko, akageuza ugali uliokuwa umeshaiva.

"Sandra alipata bahati mbaya. James alikuwa anatafuta sababu."

Mtu mwema angelia. Mimi nilifurahi. Nilikuwa natafuta sababu ya kunyamaza, sababu inayofanana na huruma, na Zuhurah alikuwa amenipa bila kuombwa. Nilimshika bega, nikamwambia nimeelewa, sitawaharibia. Nikatoka jikoni nimenyoosha shingo, kana kwamba Jumatatu yangu haihusiki kabisa.

Uani walikuwa wamekaa tayari. Mzee kwenye kiti chake, James kwenye kigoda, wanawake kwenye mkeka. Nikaketi nao. Sandra alikuwa karibu yangu, mtoto wake mdogo amemng'ang'ania magotini na viatu vipya mguuni. Kile cha kulia kilivaliwa kushoto na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukirekebisha.

Nikaanza kama nilivyofundishwa.

"Baba, nimekuja kama mke wa mtoto wako. Nakuomba msamaha kwa niaba ya Sandra. Watoto wanamhitaji mama yao. Kama kuna kosa, sisi wanawake tutalibeba pamoja."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Kosa gani? Sandra hana kosa kwangu."

"Mzee," James akadakia, "huyu pumzi yake iko nusu. Dokita mwenyewe alisema, hapahapa, sisi wote tulisikia. Anarudi kufanya nini? Kulima hawezi, kubeba maji hawezi. Kesho anakufa, mimi nabaki naye mukononi."

"Dada," Sandra akaninong'oneza, "muambie."

Wote wakaniangalia. Zuhurah aliangalia mkeka.

"Mambo ya mapafu," nikasema, "ni mambo yanayobadilika."

"Inabadilika namna gani?" Mzee akauliza. "Iko mgonjwa ama iko muzima?"

"Utafiti bado unaendelea, Baba."

Sijawahi kusema sentensi ya aibu kuliko hiyo, na nimesema nyingi. Sandra aliniachia mkono. Alinigeukia usoni, akasubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kumalizia. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona mke wa boma lile akifanya. Alipiga magoti mbele ya mzee na kusema kwa sauti.

"Baba, nilipuliza Arua! Dada aliona! Mashine ilisema mimi muzima!"

James akasimama. Mzee akampungia mkono akae.

"Dokita, ni kweli alipuliza?"

"Alipuliza, Baba."

"Na mashine ilisema muzima?"

"Ilisema... ilisema vizuri zaidi kuliko mwanzo."

"Sawa." Mzee akafikiri. "Ile ya kwanza mimi niliona na macho yangu. Hii ya Arua sikuona. Mutu moja anasema hivi, mutu mwingine anasema vile. Hiyo mashine iko wapi?"

"Ndani ya gari!" Sandra akajibu kabla yangu.

"Lete. Apulize hapa, mimi naona, maneno inakwisha."

Nikaenda kwenye gari. Nilitembea polepole, nikiomba betri iwe imekufa. Ilikuwa imejaa.

Nikafungua sanduku, nikatoa mrija mpya. Sandra akaupokea, akakaa wima. Mzee alisogeza kiti mbele ili asipitwe na kitu. Sandra akaniangalia.

Nilijua anachosubiri. Lilihitajika neno moja tu: Baba, tunakuomba utupishe kidogo. Yeye hawezi kulisema. Zuhurah hawezi. Mimi ndiye ningeweza, kwa sababu ya mashine na kwa sababu ya redio. Mzee angeuliza sababu, na ningemwambia, na makala yangu ingefia pale uani.

Nikainama, nikaanza kufuta mrija kwa pamba. Ulikuwa umetoka kwenye karatasi yake wakati ule ule, msafi.

"Tayari," nikasema.

Sandra alipuliza kama mtu anayepoza chai ya mtoto. Nami sikupiga kelele. Ule ukelele wangu wa "Toa! Toa!" unaosikika mpaka barabarani, siku ile haukutoka. Nilimhesabia kimoyomoyo, nikageuza kioo.

"Nusu," nikasema. "Nusu na kidogo."

"Mumeona?" James akasema.

Sandra alimpakata mtoto wake, akajifunika kanga usoni. Hakulia. Laiti angelia, ningepata la kufanya.

Nilidhani yamekwisha. Nilianza kufunga sanduku, na ndani yangu, Mungu anisamehe, niliiona Jumatatu ikinyooka vizuri. Lakini Mzee Yakani alikuwa bado ameinamia mashine.

"Ngoja, Dokita. Mimi nauza tumbaku, mizani naijua. Mutu akiniambia nusu, namuuliza nusu ya nini. Muzima anapata ngapi?"

"Inategemea na umri, Baba, na urefu..."

"Wewe na Sandra iko urefu moja. Umri pia karibu. Wewe iko muzima, unafanya kazi, unaendesha gari. Puliza wewe."

"Mimi, Baba?"

"Puliza tuone mutu muzima. Halafu mimi naamua hii maneno ya Jumamosi."

Zuhurah alishika mdomo. Sandra akashusha kanga.

Nitawaambia nilichoamua, kwa sababu ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Niliamua kupuliza kwa nguvu zangu zote. Nimepulizia mashine ile mbele ya wanafunzi, mbele ya wageni, mbele ya ukumbi mzima Kampala, na siku zote nimetoa namba nzuri. Nikitoa namba nzuri, nusu ya Sandra ingebaki nusu, bani ingebaki kwa wanaume, na orodha yangu ya makala ingebaki ilivyo. Nilipima kwa akili yangu timamu, nikachagua hivyo. Nikabadilisha mrija.

Nikavuta hewa mpaka mwisho. Nikainua macho.

Mzee Yakani alikuwa ananiangalia. Tangu niolewe sijawahi kumtazama machoni mtu yule. Nilikuwa nimefumba midomo kwenye mrija, kifua kimejaa, mashavu yanataka kutoka, na nikajiona kama anavyoniona yeye. Mke wa Jimmy, mdomo wazi, mate tayari. Damu ikanipanda mpaka masikioni.

Hewa ikatoka yenyewe, taratibu, kama mtu anayefukuza nzi kwenye kikombe.

"Rudia," Mzee akasema.

Nikarudia. Nilijikaza, nilifumba macho, nilikunja vidole vya miguu. Ikatoka vilevile.

"Tena."

Mara tatu, na zote tatu zikafanana.

Nilitaka kuizima mashine, lakini mkono wa mzee ulitangulia. Aliinua, akaisogeza karibu na macho, midomo ikicheza anaposoma tarakimu. Akatazama ya Sandra. Akatazama yangu. Akarudi kwa Sandra.

"Hii ya Dokita," akasema, "iko chini ya Sandra."

Kutoka bani tulisikia kuni zikipasuka. James aliniangalia mimi, akamwangalia mkewe, akaniangalia mimi tena. Sandra alikuwa ameshainua uso wote, na safari hii hakuninong'oneza kitu.

"Mutoto yangu," Mzee Yakani akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, upole wa kumwambia mgonjwa, "wewe pia pumzi imekwisha? Na hujatuambia? Jimmy anajua?"

"Baba, mimi..."

"James, piga simu kwa ndugu yako. Jambo kama hii mutu hafichi mume yake."

James alikuwa ameshatoa simu. Akabonyeza, akaweka sauti kubwa. Ililia kidogo tu, na uani mzima ukasikia sauti ya mume wangu.

"Haloo? Kuna nini huko?"

Mzee akaichukua simu kutoka kwa James, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Muambie wewe mwenyewe," akasema. "Iko mgonjwa, ama iko muzima?"